Njia ya Kuingia Nyumbani Huharibiwa na Maji Kabla ya Magari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie njia ndefu za kuingilia nyumba za mashambani, ambazo wengi wetu huzikarabati kwa kumwaga lori zima la changarawe juu ya mashimo na kuondoka. Nilifanya hivyo mara mbili; mvua ziliporudi, mashimo yalijitokeza palepale, kwa kuwa maji yalikuwa yangali yakituama chini ya kokoto mpya.

Kinachofaa ni kuchimbua kwanza sehemu iliyobomoka hadi usawa wa kina cha shimo, kisha kuichonga njia iwe na mgongo katikati, ukishuka takriban sentimita 4 kwa kila mita kuelekea mitaro ya kando. Changarawe nayo iwe mchanganyiko wa mawe yenye pembe na udongo kiasi wa kuyashikamanisha, kwani kokoto laini za mtoni (zapendeza machoni, nakiri) huviringika chini ya tairi. Imwagwe kwa tabaka la sentimita 10 hadi 15, inyunyiziwe maji na ishindiliwe kabla ya kuongezwa tabaka jingine. Panapokatiza mkondo wa maji, kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya njia, iwekwe mwanzoni; kufukua njia iliyokwisha kushindiliwa ni kulipia kazi ileile mara mbili.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa mashambani