Majeruhi wa kichwa akibadilika tabia, tusikimbilie kusema amerogwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wahudumu wa hospitali zetu, na zaidi na familia zenye majeruhi wa ajali za bodaboda, juu ya jambo ambalo sisi tulilijua tukiwa tumechelewa mwaka mzima.

Mdogo wangu alianguka na pikipiki akiwa hana kofia ngumu. Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa akiwa anatembea, anazungumza vizuri na anamtambua kila mtu wa nyumbani, nasi tukamshukuru Mungu kwamba amepona. Karatasi aliyopewa ilitaja dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Haukupita mwezi, kijana aliyesifiwa mtaa mzima kwa upole akaanza kurusha sahani kwa sababu chai haina sukari, kumtukana mama mkwe wake, na kutumia hesabu ya tajiri, yaani fedha za kumpelekea mwenye pikipiki, kununua vitu asivyovihitaji. Wapo waliosema amerogwa na wenzake wa kijiweni, wapo waliosema huo ni ukorofi aliouficha siku zote. Mbuzi wawili waliuzwa kumlipa mganga.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa hospitali nyingine, ambaye kabla ya yote alituuliza tabia hiyo ilianza lini. Alitueleza kwamba nyuma ya paji la uso, juu ya macho, ipo sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kupima matokeo kabla ya kutenda na kumeza neno baya kabla halijamtoka. Ndani zaidi, kulia na kushoto, ziko amigdala, vijisehemu viwili vyenye umbo la lozi, ambavyo hushtuka upesi mtu anapohisi hatari. Sehemu ya mbele ndiyo inayosaidia kuvituliza, na ikiumia, jambo dogo huweza kuwasha hasira kubwa. Sakafu ya fuvu chini ya sehemu hiyo ina matuta ya mfupa, hivyo kichwa kikigonga lami ubongo huweza kusuguana nayo na kuvilia damu hata kama kidonda chenyewe kiko kisogoni. Sisi tulikuwa tukiutazama mshono wa kisogoni unavyokauka na kuridhika.

Jambo hili si geni. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akitayarisha baruti ya kupasulia mwamba ilipolipuka na kurusha mtaimbo wa kilo 6, ukaingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu aliyetegemewa na waajiri wake amekuwa mwenye matusi na kigeugeu, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, na wapo watafiti wanaoamini kwamba utaratibu wa kazi ile ulimrudishia sehemu ya utu wake.

Labda lugha yetu nayo imetuponza, maana subira na huruma tumeziweka moyoni, uchoyo rohoni, na ubongo tukauachia hesabu za darasani.

Sisemi kila mkorofi ana jeraha la ubongo, wala kwamba kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kikitoka safi basi hakuna tatizo, kwa kuwa majeraha mengine hayaonekani humo. Ninaloomba ni kwamba, kabla mgonjwa wa kichwa hajaruhusiwa, ndugu zake waelezwe kuwa hasira, uzembe au matumizi ya ovyo yakianza baada ya ajali wamrudishe hospitali, na maneno hayo yaandikwe kwenye ile karatasi, pamoja na dawa za maumivu.

Mdogo wangu sasa anaosha pikipiki, saa zile zile kila siku, na fedha anashika mkewe. Shemeji ananiambia kuwa tangu Ramadhani hakuna sahani iliyovunjika.

Msomaji wako,
Morogoro