Kwa wajukuu zangu wa kidato cha pili Pemba, kabla hamjajaza fomu za mchepuo

Assalamu alaykum.

Nimesomesha hesabu kwenye skuli za kisiwa hiki miaka 32, na leo nawaandikieni juu ya somo ambalo sikulisomesha hata siku moja. Jiografia.

Nina deni nalo. Kila mwisho wa mwaka walikuwa wakinijia watoto walioanguka hesabu na fizikia, nami nikiwajibu bila kuinua macho kwenye madaftari: "Nenda kachukue historia na jiografia." Nilivyolisema, ungedhani namwonesha mtu mlango wa uani. Wengi walitoka wameinamisha vichwa. Sikujua ninachokisema, na kujua kwenyewe kumenijia uzeeni, kwa njia ya kisima.

Nilipostaafu nilihamia upande wa mashariki, kwenye maweni, ambako ukipiga jembe linarudi na cheche. Kisima chetu cha kijiji kilikuwa kikipungua kila kiangazi. Pakaitwa kikao, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nikaulizwa mimi. Nikasema tuchimbe zaidi na tununue pampu. Nani angebisha? Tukachanga, tukachimba mita mbili tena ndani ya jiwe, maji yakaja tele na mimi nikatembea kifua mbele. Wiki ya tatu mke wangu alimwaga birika zima la chai, akamgombeza mjukuu kwamba amekosea kopo la sukari. Mtoto wa watu hakukosea kitu. Ilikuwa bahari.

Tuliletewa mtaalamu wa maji. Nikamtambua tangu mlangoni: mmoja wa wale niliowatuma "mlango wa uani". Hakunicheka. Alichuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti. Kwenye visiwa kama chetu, alisema, maji matamu ya mvua huzama ndani ya jiwe na kuelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mita ya ujazo ya maji matamu ni kilo 1,000, ya bahari ni kama 1,025. Basi kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 zimezama chini yake.

Nikaipiga papo hapo: 1,000 gawanya kwa 25, ni 40. Hesabu ya kidato cha pili, jamani! Ya kwangu mwenyewe!

Kisima chetu maji yalisimama robo mita tu juu ya bahari. Yaani matamu yalikuwa mita 10, na kila tulipoyavuta kwa pampu yakashuka kidogo, chumvi ilikuwa ikipanda kwa kimo kikubwa mara nyingi kuliko huko kushuka. Mimi nilizijua namba zote hizo. Nilichokosa ni kuuliza nipo wapi.

Ndiyo maana nakuombeni mlitazame somo hili kwa macho mengine. Chukueni karafuu. Bibi zenu watasema Pemba imebarikiwa, na mimi sikatai, lakini baraka nayo ina mahali inapoteremkia. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikafyeka mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo zao likawa letu. Halafu ni udongo: vilima vya magharibi na katikati vina udongo wa kina wa kushika mzizi, huku kwetu maweni mkarafuu ukiupanda unakuangalia tu. Au ulizeni kwa nini popo wetu mkubwa hapatikani popote ila Pemba. Bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 zama za barafu, Unguja iliungana na bara. Sisi mkondo unaotutenga na bara una kina cha mamia ya mita, tukabaki peke yetu. Hayo yote yanafundishwa darasani, ila mwalimu lazima atoke na nyinyi nje.

Wazazi nao wana lao: "Mwanangu atakuwa daktari au injinia." Sawa. Lakini herufi G, yaani jiografia, haiko kwenye michepuo ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na HGK (historia, jiografia na Kiswahili) peke yake. Iko EGM pamoja na uchumi na hesabu, iko CBG pamoja na kemia na baiolojia, iko PGM pamoja na fizikia na hesabu. Mwaka 2016 zilipoanza kurushwa ndege zisizo na rubani kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa humo. Kazi ile ilihitaji anayejua pembe na vipimo, na anayejua pia bonde la mpunga linaanzia wapi.

Anayeichukua kwa kudhani ni rahisi, namwonya. Ukikusudia kukariri mvua za msitu wa Amazoni na huku hujui bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ni lini, bora uache.

Jaribuni hivi kabla ya kujaza fomu. Shukeni pwani siku saba mfululizo na daftari, muandike saa ya maji kujaa. Mtaona kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Wavuvi wanalijua hilo bila kutazama saa. Siku ya nne kuna watakaochoka wakarudi nyumbani, na hao nisiwalaumu, wana vipaji vingine. Kuna na watakaoanza kuutazama mwezi. Hao ndio ninaowaandikia.

Kisima chetu tulikifukia sehemu ya chini, tukachimba chengine mbali na pwani, kipana na kifupi, cha kuteka kwa ndoo. Chai imerudi kuwa chai. Pampu bado ipo uani kwangu, imefunikwa gunia. Mkisikia mtu anaitaka, mleteni, ila nitamuuliza kwanza anakaa wapi.