Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Marekani: pesa ya msanii ifike mapema

Mdogo wangu,

Umeuliza wewe na wenzako mfanye nini ili wanamuziki Weusi wanaojitegemea huko waache kuishi kwa sifa tupu. Najua kila tarehe 29 Desemba, siku ya Ujamaa katika Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, mnanunua kwa Weusi wenzenu. Endeleeni. Ila studio inadai Februari, na fundi wa sauti hasubiri sikukuu. Msanii hukwama kabla kazi haijatoka, na hapo ndipo anapotokea mwenye hundi akitaka amilikishwe masta, yaani rekodi asilia ambayo nakala zote hutokana nayo. Kwa hiyo shikeni mambo mawili: pesa ifike mapema, na masta zibaki kwake.

Wapo waliotangulia. Chicago, mwaka 1965, mpiga piano Muhal Richard Abrams na wenzake walianzisha AACM, chama cha wanamuziki Weusi, wakawa wanaandaa matamasha yao na kupiga tungo zao. New York, mwaka 1971, Charles Tolliver na Stanley Cowell walianzisha lebo ya Strata-East, ambako msanii alibaki na umiliki wa rekodi yake. Lakini gharama za kurekodi nazo zilibaki mabegani mwake. Mzigo huo ndio kikundi chenu kinaweza kuupunguza.

Watu kumi, dola 20 kila mmoja kwa mwezi, ni dola 200. Kwa miezi kumi mna dola 2,000. Msichezeshe upatu, maana kijumbe akiyumba mchezo mzima umekufa. Igeni VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu zinasomwa mbele ya wote. Kwenu sanduku liwe akaunti ya benki isiyotoa pesa bila idhini ya watu wawili, na taarifa yake itumwe kwenye kundi kila mwezi.

Gawio msiahidiane. Mkichangisha watu kwa kuwapa matumaini ya faida itokanayo na jasho la mwingine, mnaweza kujikuta chini ya sheria za uwekezaji za Marekani, na kikundi cha watu kumi hakina ubavu wa kulipa mawakili. Nyinyi nunueni mapema tu: lipieni nakala ambazo bado hazijatengenezwa. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha, mradi yataje kiasi, idadi ya nakala, tarehe, nini kitafanyika kazi ikichelewa, na kwamba masta na tungo ni mali ya msanii. Hilo la kuchelewa ndilo watu huona aibu kuliandika, na ndilo linalovunja urafiki.

Kama ni santuri, hapo kuweni makini zaidi. Gharama ya kuandaa mabamba ya kuchapia ni ileile mkichapa 100 au 500, kwa hiyo oda ndogo ina bei kubwa kwa kila nakala. Bei hiyo isiwasukume kuagiza 500. Maboksi yasiyouzika yatajaa chumbani kwa msanii na pesa imelala humo. Chapeni zilizokwisha kulipiwa, na ziada kidogo ya kuuza kwenye maonyesho. Nakala za majaribio zisikilizwe pande zote mbili hadi mwisho, kwenye mashine mbili tofauti. Mkwaruzo ukisikika mahali palepale kwenye kila nakala, kasoro iko kwenye bamba, msiidhinishe. Ukisikika kwenye nakala moja tu, huenda ni vumbi au kasoro ya nakala hiyo. Wakati wa kutuma, santuri itolewe ndani ya jalada na kuwekwa nyuma yake ikiwa kwenye mfuko wake wa ndani. Ikiachwa ndani, boksi likidondoka inachana ukingo wa jalada. Kwa wateja wa humohumo Marekani, posta ina huduma iitwayo Media Mail, inayopokea rekodi za muziki kwa bei nafuu.

Kwa muziki wa kupakua, Bandcamp, tovuti ambako msanii huuza moja kwa moja kwa wasikilizaji, hukata asilimia 15, na kwenye Bandcamp Friday, iliyoanza Machi 2020, huachia fungu lake. Siku hiyo haiji kila mwezi, angalieni kalenda. Hata siku ya kawaida, albamu ya dola 10 humwachia msanii kama dola 8 baada ya makato yote. Spotify kwa kawaida haifikishi nusu senti kwa usikilizaji mmoja, kwa hiyo dola 8 hizo zinahitaji zaidi ya mara 1,600. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 kwa miezi 12 hauingizi hata senti ya malipo ya rekodi.

Halafu muulizeni msanii kama amejisajili SoundExchange, shirika la Marekani linalokusanya na kugawa malipo ya rekodi. Ni bure. Redio za intaneti na za setilaiti hulipa huko: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji wengine. Anayemiliki masta zake ajisajili kwa nafasi zote mbili, kama msanii na kama mmiliki. Wengi hujaza ya msanii pekee, na ile nusu nzima ya mmiliki haiwafikii.

Msimpangie cha kuimba. Mmenunua nakala, basi.

Wiki hii mpigie msanii mmoja, umuulize bili gani inafuata na inatakiwa lini. Rasimu ya makubaliano nitumie kabla hamjasaini, nitaisoma siku hiyohiyo.