Barua kwa vijana wanaounda bakteria wa kuua mbu

Wanangu,

Nimeelezwa kazi yenu, nami nimeielewa kwa kadiri ya mstaafu wa afya aliyesoma zamani, vinasaba vilipokuwa sura moja tu mwishoni mwa kitabu. Mnataka kumpa bakteria vinasaba vya sumu ya Bti (bakteria wa asili anayeua viluwiluwi wa mbu, ambaye hutumika kama dawa), mumweke majini, viluwiluwi wa mbu wamle, wafe. Wazo zuri. Ila kuna jambo naona mmelipita mbio.

Sumu tunayo. Bti ilipatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Kiluwiluwi akiimeza, fuwele zake za protini huyeyuka tumboni na kutoboa utumbo. Samaki na binadamu haiwadhuru. Kibaha kuna kiwanda cha dawa hiyo, kilichojengwa kwa ujuzi wa Wacuba. Shida ni kwamba haikai. Jua huiharibu, huzama, mvua huisomba, na kesho yake gari linapita na kuacha dimbwi jipya. Mradi wa malaria wa Dar es Salaam ulipoanza kuweka dawa Buguruni, Kurasini na Mikocheni mwaka 2006, madimbwi ya wazi yalirudiwa kila wiki, tena na wakazi wa mitaa hiyo hiyo. Kumwaga dawa ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kujua kila mtaro ulipo, na kufunguliwa geti na mtu asiyekujua (mbwa wa Mikocheni nao wana lao).

Ninyi mnasema bakteria wenu ataishi na kuzaana, kwa hiyo hakuna kurudi kila wiki. Hapo ndipo penye kazi. Kudumu kwake ndiko kunakomfanya aishinde Bti, na ndiko kutakakowafanya watu wamkatae. Atatoka mtaroni, aingie Mto Msimbazi, afike kwenye bustani za mchicha, na huenda akawapa bakteria wengine vinasaba vyake. Tena sumu ikikaa majini siku zote, mbu wataizoea. Bti ina protini kadhaa zinazosaidiana, na moja, Cyt1Aa, huchelewesha usugu. Mkichukua protini moja tu kwa sababu ni rahisi maabara, mmeitupa kinga hiyo. Mbu wa Culex wamekwisha kuwa sugu kwa Bacillus sphaericus, bakteria mwingine wa kuua viluwiluwi, katika nchi kadhaa.

Wala si ninyi wa kwanza. Miaka ya 1990 watafiti wa Israeli waliviingiza vinasaba vya Bti katika Anabaena, kiumbe cha majini ambacho viluwiluwi hukila. Maabara kilifanya kazi vizuri. Someni walikokwama kabla ya kusoma walikofaulu.

Ushauri wangu: kwa sasa muueni bakteria wenu kabla hajatoka kwenye chupa, mtumie fuwele alizotengeneza. Mtapoteza kule kuzaana kwake, lakini mtakuwa na kitu mnachoweza kukitetea mbele ya wasimamizi na mbele ya wenye mtaa. Mkisema mtamtilia swichi ya kujiua, yaani vinasaba vya kumfanya afe mwenyewe asipotakiwa kuishi, lazima mjibu itakuwaje kwa wale wachache ambao swichi yao itaharibika, maana kati ya mamilioni hawakosekani. Na kama mnashiriki iGEM, yale mashindano ya kimataifa ya wanafunzi wanaounda viumbe kwa vinasaba, sheria yao inakataza kumtoa nje ya maabara kiumbe aliyebadilishwa vinasaba. Msiione kuwa kikwazo. Kule Bana, Burkina Faso, mbu dume tasa waliobadilishwa vinasaba waliachiwa na mradi wa Target Malaria Julai 2019 baada ya miaka ya kuzungumza na wanakijiji, na bado Agosti 2025 serikali ilisimamisha shughuli za mradi huo.

Jingine, na hili ni dogo ila litawaumbua: viluwiluwi wa Anofelesi, mbu waenezao malaria, hula juu ya maji. Kitu kinachozama hakiwafikii. Kama majaribio yenu yote ni ya Aedes, mbu wa dengi, kwenye bakuli, hamjagusa malaria.

Basi nendeni mkaone maji yenyewe. Mwezi wa nne, masika yakiwa yameshika, fikeni ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya chuo, mwombe mtu wa kuwaongoza. Chukueni kata ya kuchotea maji na bakuli jeupe, vaeni mabuti. Mkiulizwa mnatafuta nini, elezeni yote, hata neno vinasaba msilifiche, kisha andikeni maswali watakayowauliza kama yalivyo.