Kabla ya kununua laptopu ya utafiti, tuambie unatumia programu gani

Wahadhiri na wanafunzi wa uzamili wanaofika dukani kwetu wengi huanza na swali hili: "Nichukue Mac au Windows?" Sisi tunauliza kwanza: data zako utazichambua kwa programu gani?

Watafiti wengi wa fizikia, takwimu na jenetiki wanapenda Linux (mfumo endeshi wa bure) au Mac, na wana sababu: Linux na macOS, mfumo wa Mac, zote zinafuata mtindo wa mfumo wa zamani uitwao Unix. Unix ilizaliwa kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1969 ikakulia vyuoni, hasa Chuo Kikuu cha Berkeley. Linus Torvalds naye alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Tangu Novemba 2017, kila kompyuta kwenye orodha ya TOP500, zile 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, inaendeshwa na Linux. Mtafiti anayetuma kazi zake huko, akiwa na Linux au macOS mezani, anatumia amri karibu zile zile.

Halafu kuna leseni. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ni bure; R, programu ya takwimu, ni bure; na mwenzako akitaka kurudia uchambuzi wako hanunui chochote. Tunalisisitiza hili kwa sababu mashine nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa na virusi zimewekewa programu zilizochakachuliwa, na humo ndimo tasnifu ya mtu ilimo.

Lakini usinunue kwa kumwiga msimamizi wako. Mwanafunzi mmoja wa jiografia alitaka Mac kwa kuwa profesa wake anayo. Ramani zake zote anazichora kwa ArcGIS Pro, ambayo imetengenezwa kwa Windows tu. Alichukua ThinkPad iliyotumika, laptopu ya Windows, tukamwongezea RAM ikafika GB 16. MacBook za sasa haziongezwi RAM kabisa. Angekuwa anatumia QGIS, programu nyingine ya ramani, mfumo wowote kati ya Windows, Mac na Linux ungemfaa.

Mwenye mashine ya zamani isiyokubali Windows 11 asikimbilie kuiuza. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine nyingi za aina hiyo bado zinakwenda vizuri na Ubuntu. Tunaweza kukupigia Ubuntu kando ya Windows yako. Kwanza tunanakili faili zako kwenye diski ya nje na kufungua kadhaa mbele yako, uhakikishe zipo.

Njoo na chaja na orodha ya programu zako. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows cha kulinda data, njoo pia na ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi unaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft.