Malalamiko kuhusu Usukani na Otopailoti Mliyofunga katika Boti Yangu

Kilifi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

Bwana/Bibi,

MINTARAFU: KAZI MBOVU YA OTOPAILOTI, HEWA KATIKA USUKANI WA HAIDROLIKI NA KOMPYUTA ILIYOBADILISHWA BILA SABABU

Ninaandika kulalamikia kazi ambayo mafundi wenu waliifanya katika boti yangu ya matembezi, ambayo hutia nanga katika hori ya Kilifi, pamoja na majibu ambayo ofisi yenu imekuwa ikinipa kila ninapoulizia kasoro zake. Boti hiyo ina injini moja ya dizeli, shikio moja (ubao wa majini unaoigeuza boti) na usukani wa haidroliki, yaani unaosukuma shikio kwa nguvu ya mafuta, na siku mafundi wenu walipoipanda usukani huo ulikuwa mzima. Tangu walipoifunga otopailoti, kifaa kinachoiongoza boti bila mtu kushika usukani, boti haishiki uelekeo, gurudumu la usukani limelegea, nami nimetozwa kompyuta ya pili ya otopailoti hiyo ambayo haikuhitajika hata kidogo.

Tukiwa nje ya mwamba tukielekea Watamu wakati wa Kusi, otopailoti hupeleka omo, yaani mbele ya boti, kulia, kisha huchelewa, kisha huirudisha kushoto kupita kiasi, hata njia yetu kwenye skrini ya ramani inaonekana kama mapito ya nyoka mchangani. Nilipoeleza hayo kwa simu, nilijibiwa kwamba bahari ya Kusi ni chafu na hakuna otopailoti inayoweza kuvumilia mawimbi yanayopiga tezi, yaani nyuma ya boti. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama kasoro ingejitokeza baharini tu. Boti ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia na injini imezimwa, uelekeo unaoonyeshwa na otopailoti huruka zaidi ya digrii kumi kila friji inapowaka, na hurudi mahali pake friji inapozima. Sidhani Kusi hufika ndani ya friji.

Kwa kuwa ofisi yenu haikutuma mtu wa kupima, nilimwita fundi wa kujitegemea kutoka Mtwapa, naye akafanya vipimo vyote mbele yangu. Alianza na dira ya kielektroniki, ambayo mafundi wenu waliifunga ndani ya kabati la mbele. Upande wa pili wa ubao huohuo, karibu shubiri moja tu kutoka kwenye dira, kuna spika ya redio, na sumaku ya spika ni adui wa dira yoyote. Waya nene wa umeme wa friji nao umepitishwa pembeni yake. Fundi alichukua dira ndogo ya mkononi akaisogeza taratibu kuelekea kifaa hicho, na sindano yake ikaanza kugeuka kabla haijafika. Hata kama dira yenu ingesawazishwa kwa kuzungusha boti polepole kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, usawazishaji haungefaa kitu, kwa sababu mkondo wa friji huja na kwenda.

Upande wa haidroliki ndio unaonitia hofu zaidi. Ili kuiunganisha pampu ya otopailoti, mafundi wenu walikata mabomba ya mafuta yanayotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye silinda ya shikio, na baada ya hapo hawakutoa hewa yote iliyoingia. Gurudumu likizungushwa hadi mwisho wa upande mmoja, halikomi. Huendelea kuzunguka polepole kana kwamba hakuna kitu kinachosukumwa. Fundi alipofungua skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda na kunitaka nizungushe gurudumu, mafuta yalitoka kwenye mpira unaoonyesha ndani yakiwa na povu jeupe, yakakatikakatika kwa mapovu makubwa. Kiungo kimoja ambacho mafundi wenu walikifunga kilikuwa kimelowa, na karatasi iliyopitishwa chini yake ilitoka na mafuta. Hewa hubanika lakini mafuta hayabaniki, kwa hiyo pampu inapoanza kusukuma huibana hewa kwanza na shikio huchelewa. Kompyuta huona boti haijageuka, huongeza amri, na shikio likija kusogea huwa limepitiliza. Huko ndiko kuyumba kunakotoka, na hata anayeshika usukani kwa mkono hukutana na ulegevu uleule. Kwa boti inayopaswa kupita katika mlango wenye miamba pande zote mbili, hilo si jambo la kusubiri.

Sasa nije kwenye kompyuta. Ankara yenu ya pili inasema ilibadilishwa kwa sababu ya “hitilafu ya mawasiliano,” kwa kuwa skrini ilikuwa ikitangaza kwamba otopailoti imepotea. Mtandao wa data wa boti hupimwa kwa dakika chache: umeme ukizimwa, upinzani kati ya nyaya mbili za data huwa karibu omu 60, kwa kuwa kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Wetu ulisoma 60, yaani mtandao ulikuwa mzima. Kisha fundi alipima umeme wakati pampu ikifanya kazi: betri ilikuwa na volti 12.6, lakini penye pampu na kompyuta zilibaki 10.4, kwa sababu waya mliotumia ni mwembamba mno kwa umbali kutoka kwenye betri hadi tezini. Umeme ukishuka kiasi hicho, kompyuta hujizima na kujiwasha, nayo skrini hutangaza kuwa imepotea. Ndiyo maana tangazo lilelile lilirudi baada ya kompyuta mpya kufungwa. Anayebadilisha kifaa kabla ya kupima anakisia, na makisio hayo nimeyalipia mimi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kwa msingi huo ninadai mnirudishie bei ya kompyuta ya pili pamoja na malipo ya ufundi wake, na gharama ya fundi niliyemwita. Ninadai vilevile mhamishe dira mahali palipo mbali na spika na nyaya za umeme mkubwa, mbadilishe waya wa pampu kwa unene unaofaa, mkaze kiungo kinachovuja na kutoa hewa yote, kisha mfanye majaribio baharini nikiwa ndani ya boti na kunikabidhi vipimo vyake kwa maandishi. Mpaka hapo, otopailoti itabaki imezimwa na boti haitatoka horini.

Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka suala hili mahakamani pamoja na nakala za ankara zote mbili, picha na vipimo vilivyoambatishwa hapa.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa boti