Mali feki inaharibiwa, lakini mnunuzi anarudishiwa nini?

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu shehena ya bidhaa feki zilizoharibiwa mbele ya maafisa na kamera nimeisoma, nikairudia, nikitafuta mahali panapomtaja mnunuzi. Sikupaona. Thamani ya mali imetajwa, kodi iliyopotea imetajwa, kampuni zilizoibiwa nembo zimetajwa. Aliyetoa pesa mfukoni hayumo. Nimesoma gazeti hili tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi na sijawahi kuwaandikia. Leo naandika kwa sababu mtu huyo aliyeachwa nje ni mimi, na najua tuko wengi.

Nashona nguo hapa Kibuye, Kisumu, hasa sare za shule. Januari ndiyo inayotulisha mwaka mzima. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mota ya mashine yangu ya ovaloki iliungua. Bila ovaloki kingo za kitambaa zinafumuka, na hakuna mzazi atakayekubali sketi ya namna hiyo. Nikampata muuzaji mtandaoni, ukurasa wake umejaa picha safi na watu wanaomsifu, akisema duka lake liko Nairobi na mzigo hufika Kisumu kesho yake asubuhi. Mota ya kampuni inayojulikana, waya za shaba tupu, dhamana ya mwaka mmoja, shilingi 8,500. Nililipa kwa simu kwenye nambari ya tili aliyonitumia, yaani nambari ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Hakuna mzigo unaopandishwa gari Nairobi kabla pesa hazijaingia, na mafundi wote ninaowajua hapa sokoni wananunua hivyo hivyo.

Mota ilikuja kwenye boksi lenye nembo, ina kibandiko cha ubora na karatasi ya dhamana. Haikumaliza siku. Nilisikia harufu ya vanishi ikiungua, kisha moshi, nikachomoa waya ukutani. Fundi wa mota akaifungua na kuukwangua waya kwa kisu nikiangalia. Rangi ya shaba ikabanduka na ndani kukawa kweupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Alinieleza kwamba alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata joto zaidi ukibebeshwa kazi, na mota ya ovaloki hukimbia kutwa nzima. Jina la kampuni kwenye kibandiko nalo lilikuwa na herufi moja ya ziada.

Nikampigia muuzaji. Mwanzoni alikuwa na adabu. "Mamangu, tuma video." Nikatuma. "Mamangu, fundi wako ameunganisha vibaya." Nikampa fundi simu azungumze naye mwenyewe, akakata. Baadaye akaniandikia maneno yale yanayopigwa muhuri kwenye risiti zetu nyingi: mali ikiuzwa hairudishwi. Kisha akanibloku. Ukurasa wake bado upo, mota ileile bado inauzwa kwa bei ileile, na onyo nililoandika chini ya picha lilifutwa siku hiyo hiyo.

Mpwa wangu anasomea sheria. Alikaa nami akanifungulia vitabu, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, Mhariri, kwa sababu niligundua kwamba Kenya haina upungufu wa sheria hata kidogo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inazungumzia hata mikataba ya intaneti: muuzaji anatakiwa kumpa mnunuzi nakala ya mkataba kwa maandishi, asipofanya hivyo mnunuzi anaruhusiwa kuuvunja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukiuza kitu kwa maelezo, kitu hicho lazima kilingane na maelezo. Nimeambiwa shaba, nimeletewa alumini. Maneno ya muhuri hayawezi kufuta hilo. Kupata mali ya mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka mitatu. Hata hivyo nilipoenda kuripoti katika kituo kimoja cha polisi mjini, afisa aliniambia, "Mama, hiyo si jinai, hayo ni madai, nenda kortini," na ilinibidi nisimame pale kaunta mpaka yeye mwenyewe akachoka ndipo nikapewa nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Nambari hiyo ninayo. Hakuna aliyenipigia simu.

Haya, kortini. Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama sisi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ni mpango mzuri na naushukuru. Lakini ukifika kwenye fomu unaulizwa jina la mshtakiwa na mahali anapopatikana. Mimi nina nini? Nina nambari ya simu inayokata na jina la tili ambalo ni la kinyozi. Nikaenda kwa kampuni ya simu, nikaambiwa pesa za tili hazirudishwi bila mwenye tili kukubali, na jina lake halisi haliwezi kutolewa kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, labda korti iamuru. Korti inataka jina ndipo kesi ifunguliwe, na jina linataka amri ya korti ndipo litolewe. Tapeli amekaa katikati, analindwa na sheria iliyotungwa kunilinda mimi! Kila mtu aliyepata ada kwenye biashara hii anamjua. Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho. Tili yake ilifunguliwa kwa stakabadhi. Mtandao wa kijamii unapokea pesa zake za matangazo. Ofisi ya vifurushi ilimwandikia risiti alipoleta boksi. Wote hawa wanamjua, wote wamelipwa kutokana na shilingi zangu, na asiyepaswa kumjua ni mimi niliyezitoa.

Na hizo ofisi za vifurushi nazo zinastahili kuambiwa. Ukifika dirishani unatakiwa kutia sahihi kwamba umepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri, na hapo boksi bado limefungwa kwa gundi. Ukiomba kulifungua kwanza unaambiwa utalifungulia nje, foleni ni ndefu. Nje ni kwenye vumbi la stendi, baina ya matatu na boda, na sahihi yako imeshabaki ndani. KEBS, shirika la serikali la viwango vya ubora, wanatuhimiza tutume nambari ya kibali iliyo kwenye kibandiko kwa ujumbe wa simu kwa 20023 tuthibitishe bidhaa. Ni jambo jema dukani, unapoishika bidhaa mkononi. Anayenunua kwa picha anakiona kibandiko baada ya pesa kuondoka, na anapewa nafasi ya kukisoma baada ya kutia sahihi.

Wapo wanaosema serikali haiwezi kumfidia kila mtu aliyenunua kitu feki. Mwaka 2024 wakulima walipouziwa mbolea isiyokuwa mbolea, serikali yenyewe ilitangaza kwamba walioathirika watafidiwa. Ndugu zetu wa Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia wanajua tangazo hilo liliwafikia kwa kiasi gani shambani, hayo watayasema wenyewe. Ninachokishika ni kwamba ilikubalika hadharani kuwa mnunuzi wa kitu feki ameumia na anadaiwa kitu. Kwa nini ikubalike kwa gunia la mbolea tu?

Tatizo liko kwenye msingi wa Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Ilitungwa kumlinda mwenye nembo. Mwenye nembo ndiye anayetambuliwa kama mlalamishi, mali inakamatwa, inaharibiwa, na anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anafungwa hadi miaka mitano au anatozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila bidhaa, au vyote viwili. Mara tatu! Kwa mota yangu hiyo ni shilingi 25,500, na zote zinaingia serikalini. Sheria hiyo irekebishwe ili sehemu moja kati ya hizo tatu imrudie aliyenunua, akionyesha risiti ya simu na bidhaa yenyewe. Serikali itabaki na mbili. Mwenye nembo amekwisha kulipiziwa.

Pili, Mahakama ya Madai Madogo ipokee kesi kwa nambari ya tili. Mlalamishi aandike nambari hiyo pale penye jina, karani aiandikie kampuni ya simu, na kampuni ijibu ndani ya siku saba kwa korti, si kwangu. Siri ya data itakuwa imetunzwa na mtu atakuwa amepatikana.

Tatu, na hili halihitaji bunge, kila ofisi ya vifurushi iweke meza moja yenye soketi na mkasi wa kukatia gundi. Mnunuzi afungue, achomeke, aangalie, ndipo atie sahihi. Pesa zishikiliwe na ofisi hiyo kwa siku tatu kabla ya kupelekwa kwa muuzaji, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji ibaki pale dirishani alikoletea mzigo. Ada ya ziada ya kazi hiyo mimi niko tayari kuilipa. Muuzaji wa haki hatapoteza chochote kwa kusubiri siku tatu, na hapa Kibuye wapo wengi wanaouza kwa haki na wanaochafuliwa jina na hawa.

Nimeanza kukusanya risiti za mafundi wenzangu walioumizwa namna hii, wa mota, wa betri za sola, wa pasi na wa mashine za kunyolea. Tutazipeleka kwa mbunge wetu pamoja na nambari zetu za OB kabla ya Januari. Mwenye yake aniletee sokoni, upande wa washona sare, siku yoyote isipokuwa Jumamosi.

Fundi wa nguo,
Kibuye, Kisumu